JUA MAANA YA NENO KABLA YA KULITOA KINYWANI





Somo letu la leo ni juu ya maneno. Hatusemi juu ya matusi wala uongo, maana hayo kila mtu anajua kwamba ni mabaya. Tunataka kusema juu ya neno zuri, neno la kila siku, ambalo mtu analitamka bila kujua vizuri maana yake, au analitamka akidhani mwenzake anaelewa sawa na yeye. Magomvi mengi yanayoletwa mbele ya wazee na maimamu hayakuanza na wizi. Yalianza na neno moja lililoeleweka na watu wawili kwa njia mbili.

1. HATA MASAHABA WALIULIZA MAANA

Usione haya kuuliza maana ya neno. Masahaba wengi walikuwa Waarabu, na Qurani iliteremka kwa lugha yao wenyewe, lakini wao pia waliuliza.

Katika Sura ya Pili, Al-Baqara, aya ya 187, Mwenyezi Mungu aliruhusu mwenye kufunga ale na anywe usiku mpaka uzi mweupe ubainike na uzi mweusi. Sahaba Adi bin Hatim (R.A.) alichukua kamba mbili, moja nyeupe na moja nyeusi, akaziweka chini ya mto wake wa kulalia. Usiku akawa anazitazama, lakini hakuweza kuzitofautisha. Asubuhi akaenda kwa Mtume (S.A.W.) akamweleza. Mtume akamfahamisha kwamba maana ni weupe wa mchana na weusi wa usiku, yaani alfajiri. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim.

Angalia vizuri, ndugu yangu. Adi alilijua neno "uzi", na alilijua tangu utoto. Kilichompita ni maana ya neno hilo pale lilipowekwa. Kulijua neno ni jambo moja, na kujua limekusudia nini ni jambo jingine. Adi alipoona kitu hakimwelei, hakunyamaza. Alikwenda kuuliza siku hiyo hiyo.

Mfano wa pili ni Kaab bin Malik (R.A.), mmoja wa watu watatu waliobaki Madina bila udhuru wakati wa safari ya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria. Waislamu waliamriwa wasiseme nao kwa siku hamsini. Zilipopita siku arobaini, alikuja mjumbe wa Mtume (S.A.W.) kumwambia ajitenge na mke wake. Kaab hakukimbilia kutenda. Aliuliza kwanza: nimwache kwa talaka, au nifanye nini? Akajibiwa kwamba si talaka, bali asimkaribie tu. Ndipo akamwambia mke wake aende kwa jamaa zake mpaka Mungu aamue jambo lao.

Kama Kaab asingeuliza, nyumba ingevunjika kwa amri ambayo haikuwa amri ya kuvunja nyumba. Swali moja fupi liliokoa ndoa. Na sisi je? Ni mara ngapi tunapelekewa maneno na mtoto au jirani, tukakasirika na kutenda, bila kuuliza aliyeyasema alikusudia nini?

2. AMANA, DENI, AU MTAJI?

Sasa tuingie sokoni, maana huko ndiko neno lisiloeleweka linakula mali ya watu.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana dola 200. Anampelekea mfanyabiashara wa kartie yake anayemwamini, anamwambia: "Niwekee hizi." Mfanyabiashara anajibu: "Usiwe na wasiwasi, mama, ziko kwangu." Baada ya mwezi, duka linaungua. Mama anadai feza zake. Mfanyabiashara anasema zimeungua pamoja na mali yake. Nani mwenye haki?

Jibu linategemea neno walilokubaliana, na hapa hawakutaja neno lolote. Wanazuoni wanatofautisha mambo matatu:

a) AMANA. Ni mali uliyopewa kuichunga tu. Huna ruhusa ya kuitumia. Ikipotea bila uzembe wako na bila wewe kuivunja amana hiyo, hulipi. Lakini ukiitumia bila ruhusa ya mwenyewe, hata kama ulikusudia kuirudisha kesho, umeingia katika dhamana, na ikipotea utailipa.

b) DENI. Ni mali uliyopewa uitumie, kisha urudishe kiasi kile kile. Hii inakuwa juu yako hata kama duka limeungua, hata kama boti limezama. Hasara ni yako, na mwenye mali hapaswi kukuomba zaidi ya alichotoa, maana hiyo ni riba.

c) MTAJI WA BIASHARA, ambao vitabu vya fikihi vinauita mudharaba. Mmoja anatoa feza, mwingine anatoa kazi, na faida wanagawana kwa fungu walilopatana tangu mwanzo. Ikija hasara bila kosa la mfanyakazi, mwenye feza anapoteza feza, na mwenye kazi anapoteza jasho lake.

Dola ni zile zile 200. Lakini zikiitwa kwa jina la kwanza, mama anapoteza. Zikiitwa kwa jina la pili, mfanyabiashara analipa zote. Zikiitwa kwa jina la tatu, inaangaliwa hasara na kama kulikuwa na uzembe. Basi utasema bado kwamba neno ni kitu kidogo?

3. FUNZO LA ZUBAYR BIN AWWAM

Bukhari anasimulia habari ya Zubayr bin Awwam (R.A.), mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo. Watu walikuwa wanamletea mali zao awachungie kama amana. Yeye alikuwa anakataa neno hilo. Aliwaambia: hapana, iwe mkopo, kwa sababu naogopa isipotee.

Juu ya nini alifanya hivyo? Kama angeipokea kama amana, na ikapotea bila kosa lake, mwenye mali angerudi mikono mitupu. Kwa kuiita mkopo, Zubayr alijitwisha mzigo mwenyewe, ili haki ya watu isipotee. Na tena, mkopo ulimpa ruhusa halali ya kuitumia ile mali. Alibadilisha neno moja, na hukumu yote ikabadilika. Na alilibadilisha mbele ya mwenye mali, waziwazi, siku ya kupokea. Hakungoja siku ya ugomvi.

Siku ya vita vya Ngamia, mwaka wa 36 Hijria (656), Zubayr alimuusia mwanawe Abdallah amlipie madeni. Akamwambia kwamba akishindwa, aombe msaada kwa "mawla" wake. Neno hilo kwa Kiarabu lina maana nyingi: linaweza kuwa bwana, mlinzi, rafiki wa karibu, hata mtumwa aliyeachwa huru. Abdallah hakuelewa baba yake anamkusudia nani. Hakukisia. Alimuuliza: baba, mawla wako ni nani? Zubayr akajibu: ni Mwenyezi Mungu.

Zubayr aliuawa siku ile ile. Fikiri kama mtoto angeona haya kuuliza! Angebaki maisha yake yote anamtafuta mtu ambaye hayuko. Abdallah alipohesabu madeni, yalifika 2,200,000. Feza taslimu hakukuwa nazo, bali mashamba na nyumba. Shamba moja, Al-Ghaba, ambalo baba yake alilinunua kwa 170,000, liliuzishwa kwa 1,600,000. Madeni yakalipwa yote. Na warithi walipotaka kugawana, Abdallah alikataa mpaka atangaze katika msimu wa Hija, miaka minne mfululizo, kwamba yeyote anayemdai Zubayr ajitokeze. Ndipo akagawa.

4. MANENO YETU YA KILA SIKU

Labda utasema: hayo ni Kiarabu, sisi tunasema Kiswahili. Ndugu msomaji, hata Kiswahili chetu kina mitego.

Neno "kuuza". Kwa wengi wetu huku Kongo, anayeuza ni yule anayetoa feza na kuchukua kitu, na anayetoa kitu tunasema "anauzisha". Ukivuka Ziwa Tanganyika ukafika Kigoma, mambo yanageuka. Kule anayeuza ndiye anayetoa kitu, na mwenye kutoa feza "ananunua". Mtu wa Kalemie akimpigia simu mwenzake wa Kigoma na kumwambia "nitauza magunia kumi ya unga", mmoja anangoja kupokea magunia na mwingine naye anangoja kuyapokea! Wote wawili ni wakweli, na wote wawili watasema wamedanganywa.

Neno "kuazima". Linatumika kwa anayetoa na kwa anayepokea pia. Ukisema "tuliazimana baiskeli", msikilizaji hajui ni ya nani. Sema: "baiskeli ni ya fulani, amenipa niitumie mpaka Jumapili."

Saa nayo. "Tukutane saa mbili." Mmoja anahesabu tangu jua kuchomoza, mwingine amezoea hesabu ya Kifaransa. Ongeza neno moja tu: "asubuhi", au "baada ya Adhuhuri", na hakuna atakayemngoja mwenzake bure.

Na "Insha Allah". Sura ya Al-Kahf, aya ya 23 na 24, inatufundisha tusiahidi kufanya jambo kesho bila kulifungamanisha na matakwa ya Mungu. Neno hilo ni ahadi ya mtu anayekusudia kutenda na anayejua kwamba nguvu si zake. Lakini siku hizi wengine wanalitumia kama njia ya upole ya kusema hapana. Unamwomba mtu akulipe Jumatatu, anasema "Insha Allah", na moyoni ameshaamua kutolipa. Huko ni kufunika uongo kwa jina la Mungu. Kama huwezi, sema siwezi. Kama utajaribu, sema nitajaribu, Insha Allah.

5. KARATASI ZA KIFARANSA

Aya ndefu kuliko zote katika Qurani ni aya ya 282 ya Sura Al-Baqara, nayo ni juu ya kuandika deni. Inaamuru deni la muda liandikwe, liwe dogo au kubwa, na wawepo mashahidi. Na inaamuru kwamba anayesomesha maneno kwa mwandishi awe yule anayedaiwa. Kama hawezi, basi msimamizi wake asomeshe kwa uadilifu.

Hapa kuna hekima kubwa. Mzigo uko juu ya mwenye deni, kwa hiyo maneno yatoke kinywani mwake, ili ajue hasa amekubali nini.

Linganisha na desturi yetu. Mtu anauzisha parsela ya familia, karatasi imeandikwa kwa Kifaransa, yeye hakisomi, anaambiwa "tia saini hapa", anatia. Miaka inapita, watoto wanagundua kwamba baba aliweka kidole juu ya parsela nzima, naye alidhani ni nusu. Ndugu zangu, kutojua Kifaransa si aibu. Aibu ni kutia kidole juu ya neno usilolijua, ukawaachia watoto ugomvi.

6. TUFANYE NINI?

Kwanza, kabla ya kutoa au kupokea mali, taja jina lake: ni amana, ni deni, ni mtaji, au ni zawadi. Wote wawili walitamke.

Pili, mwambie mwenzako: "Nirudilie ulivyoelewa." Mtume (S.A.W.) alikuwa anarudia neno mara tatu ili lieleweke, na mama yetu Aisha (R.A.) amesimulia kwamba mtu angetaka kuyahesabu maneno yake angeweza. Kusema polepole na kurudia ni sunna.

Tatu, karatasi yoyote isomwe kwa sauti, kwa lugha unayoielewa, na mtu asiye na faida katika jambo hilo, kabla ya kutia saini au kidole.

Nne, ukiletewa neno linalochoma moyo, fanya kama Kaab: uliza maana kabla ya kutenda.

Tano, wazazi na walimu wa madrasa, mtoto akiuliza "neno hili maana yake nini?" msimkaripie. Abdallah mwana wa Zubayr aliuliza, na kwa swali lake deni la baba yake lililipwa.

Ndugu msomaji, leo ukirudi nyumbani, kumbuka mali ya mtu uliyonayo, au yako iliyo kwa mtu. Je, mnaiita kwa jina moja? Kama hujui, nenda ukamuulize leo, mkiwa bado hai na mkiwa bado mnapendana.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atufungulie ndimi zetu, atupe maneno yaliyonyooka, na atuepushe na dhuluma tuijuayo na tusiyoijua. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ukimaliza kusoma, mpe jirani yako naye asome.