Mtambue besi kabla ya kumwaga ndoo

Masika yanajaza mabwawa, na huu ndio msimu wa kutafuta vifaranga vya samaki. Nawasihi wafugaji wa maeneo ya Naivasha wasimwage ndoo bwawani kabla ya kuikagua, kwa kuwa besi wachache wakichanganyika na ngege wadogo watawamaliza.

Besi asili yake ni mashariki mwa Amerika Kaskazini. Aliingizwa Ziwa Naivasha mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa ndoana, akastawi kwa sababu maji ya pale ni ya baridi kiasi. Samaki mmoja mdogo wa asili ambaye hakupatikana kwingine ila Naivasha alionekana mara ya mwisho mwaka 1962, na besi ni miongoni mwa wanaoshukiwa kummaliza.

Mweke kifaranga kwenye bakuli jeupe lenye maji, umtazame kwa ubavu. Besi ni mrefu, mwembamba, ana mstari mweusi kutoka kichwani hadi mkiani. Ngege ni bapa zaidi, michirizi yake husimama wima, na mara nyingi ana doa jeusi kwenye sehemu ya nyuma ya pezi la mgongoni. Pezi hilo kwa ngege ni moja lisilokatika. La besi lina pengo kubwa katikati, utadhani ni mawili. Kwa samaki mkubwa tazama mdomo: taya la juu la besi hupita nyuma ya jicho. Hesabu pia matundu ya pua. Ngege ana moja kila upande, besi ana mawili.

Dume la besi huchimba kiota kwenye maji ya kina kifupi, hulinda mayai na kuyapepea kwa mkia. Watoto huanza na vijidudu vya majini, kisha wadudu, kisha samaki wenzao, hata ndugu zao. Huwinda kwa macho, kwa hiyo kwenye maji ya tope hudhoofika.

Wapo wanaomtaka makusudi, apunguze ngege wanaozaana kupita kiasi. Inawezekana, lakini ngege watangulie wakue, ndipo waingie besi wadogo kuliko wao, wachache tu. Muulize kwanza afisa wa uvuvi wa eneo lako, na uweke wavu wa matundu madogo kwenye njia ya kutolea maji kabla mvua kubwa haijafurisha bwawa. Besi akishaingia mtoni, hakuna wa kumrudisha.