Nyanya, Wazazi na Watoto Ulaya: Jinsi ya Kupanga Pesa za Safari Bila Kukosana

Ukiwa na ndugu Ulaya, unajua ile simu. Siku moja anapiga anasema, "Mleteni mama aone ninakoishi, na watoto pia." Kila mtu anafurahi. Kisha mtu anauliza nani atalipa nini, na nyumba inanyamaza.

Katika somo la leo tunapanga pesa za safari ya vizazi vitatu. Kanuni ni mbili tu, na yote utakayosoma hapa chini yanatoka kwazo. Ya kwanza: hakuna mtu mmoja anayebeba pesa zote. Ya pili: hakuna mtu mzima anayelazimika kuomba pesa zake mwenyewe.

Tuchukue familia ya mfano. Nyanya ana miaka 71. Anaishi Embu na hupeleka majani chai yake kiwanda cha Mungania. Mwanawe ni mwalimu mjini Meru, na mke wake ana kibanda cha nguo soko la Gakoromone. Watoto wao ni wawili, mmoja miaka 15 na mwingine 9. Dada ya mwalimu ni muuguzi Brussels. Wanataka kwenda siku 12 kupitia Paris, Brussels na Amsterdam.

1. Anza na kalenda ya mapato

Katika familia hii pesa huingia kwa njia tatu. Mwalimu hupata mshahara mwisho wa mwezi. Mke wake huuza kila siku, leo nyingi, kesho kidogo. Nyanya hulipwa kidogo kila mwezi kwa kilo za majani, lakini pesa zake kubwa ni bonasi ya chai, ambayo kwa kawaida huja karibu na Oktoba.

Kwa hivyo usiseme, "Kila mtu atoe elfu kumi kila mwezi." Utamkopesha nyanya deni asilolihitaji. Mwalimu achange kila mwezi, mke wake kila wiki, na nyanya mara moja bonasi ikiingia. Andikeni ahadi ya kila mmoja kwenye karatasi moja ambayo kila mtu ameiona.

Kalenda hii pia inawaonyesha mwezi wa kusafiri. Maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla ya kuondoka. Mkipanga kusafiri likizo ya Aprili, bonasi ya Oktoba inafika kwa wakati, na Januari mnaweza kuwa mmewasilisha fomu. Agosti ni msimu wa likizo Ulaya kwenyewe, na nauli pamoja na vyumba huwa juu.

Jambo lingine: ubalozi huangalia taarifa za akaunti za miezi iliyopita. Pesa nyingi zikiingia ghafla wiki moja kabla ya maombi, zinaleta maswali. Mchango wa polepole unaoonekana mwezi baada ya mwezi hujieleza wenyewe.

2. Gawanya pesa katika mafungu manne

Fungu la kwanza ni pesa zisizorudi, yaani pasipoti, viza na bima. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen ni yuro 90 kwa mtu mzima na yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Mtoto wetu wa miaka 15 analipa kama mtu mzima. Hesabu ni hii: watu wanne mara 90 ni yuro 360, ongeza 45 za mtoto mdogo, jumla 405. Tukichukua yuro moja kuwa Sh150 ili hesabu iwe rahisi, hizo ni Sh60,750. Kampuni inayopokea fomu inaweza kuongeza ada yake ya huduma. Viza ikikataliwa, ada hairudi. Fungu hili lijazwe kwanza, na kila anayechanga ajue hivyo mapema, ili jibu likiwa baya msianze kulaumiana.

Bima nayo ni ya lazima. Lazima iweze kulipia matibabu ya angalau yuro 30,000. Bei hupanda na umri, kwa hivyo uliza ya nyanya kwanza. Kama ana presha au sukari, mwambieni wakala wa bima ukweli na muombe jibu la maandishi kuhusu kitakacholipwa. Bima rahisi isiyogusa ugonjwa alio nao mzee inaweza kuwaachia nyinyi bili ya hospitali.

Fungu la pili ni tiketi na malazi. Msinunue tiketi isiyoweza kurudishwa kabla viza zote hazijatoka. Familia ya watu watano ikipata viza nne, bado haijapata safari.

Fungu la tatu ni pesa za mkononi: chakula, treni za mjini, maji, choo.

Fungu la nne ni dharura. Wekeni angalau sehemu moja katika kila kumi ya bajeti yote na msiiguse. Zikirudi nyumbani salama, gawaneni kulingana na mlivyochanga.

Je, mafungu haya yakae wapi? Tangu Agosti 2023 akaunti ya M-Pesa inaweza kubeba hadi Sh500,000, na muamala mmoja hauzidi Sh250,000. Kwa familia nyingi hiyo inatosha kuweka kila kitu kwenye simu moja, na hapo ndipo hatari ilipo. Simu ni nzuri kwa kukusanya michango, maana kila mchango una ujumbe, tarehe na jina. Lakini mchango ukifika kiasi kikubwa, uhamishieni akaunti ya benki au ya Sacco inayohitaji idhini ya watu wawili. Vyama vya hapa kwetu vimefanya hivyo miaka mingi, na hakuna aliyesema ni kumkosea heshima mwekahazina.

3. Lipa mahali sahihi

Pasipoti ya Kenya huombwa kupitia eCitizen, na Embu kuna ofisi ya Uhamiaji, kwa hivyo si lazima familia nzima ifunge safari ya Nairobi kwa ajili ya pasipoti. Malipo ya serikali kupitia eCitizen huenda Paybill 222222. Mtu akikuambia ana "njia ya haraka" na umtumie kwa namba yake ya simu, hapo simama.

Ndivyo ilivyo kwa viza. Hakuna wakala anayeweza kukuhakikishia viza, kwa sababu uamuzi ni wa ubalozi. Wakala halali anaweza kukusaidia kujaza fomu na kupanga karatasi, na atakupa risiti yenye jina la biashara. Kabla ya kubonyeza tuma, soma jina linalotokea kwenye skrini. Kama uliambiwa unalipa kampuni na jina linalotokea ni la mtu binafsi, futa na uulize.

4. Chagua njia isiyobadilisha sarafu kila mara

Paris, Brussels na Amsterdam zote zinatumia yuro na ziko ndani ya Schengen. Viza moja inatosha, na mnaweza kwenda kwa treni. Mkiongeza London, mnahitaji viza nyingine ya Uingereza na pauni. Mkiongeza Zurich, viza ya Schengen inafaa lakini mnahitaji faranga za Uswisi. Kila mnapobadilisha pesa, anayezibadilisha anachukua chake. Kwa safari ya kwanza na mzee pamoja na mtoto, miji mitatu yenye sarafu moja inatosha kabisa.

Tafuteni pia vitu vya bure kabla ya kulipa. Louvre ya Paris haiwatozi walio chini ya miaka 18, na Rijksmuseum ya Amsterdam haimtozi aliye na miaka 18 au chini. Watoto wetu wawili wanaingia bure kote. Na kama nyanya hawezi kutembea mbali uwanjani, ombeni msaada wa kiti cha magurudumu kwa shirika la ndege angalau saa 48 kabla ya safari. Kwenye viwanja vya Umoja wa Ulaya huduma hiyo haina malipo, kwa hivyo akitokea mtu anadai pesa, msimpe.

5. Mkiwa kule

Kwanza, zoeeni kwamba hakuna wakala wa M-Pesa kwenye kona. Bado unaweza kutumia akaunti yako kutuma pesa nyumbani ukiwa na laini hewani, na kadi ya mtandaoni ya GlobalPay hulipia vitu kwenye intaneti. Lakini kadi hiyo haina plastiki ya kuingiza kwenye ATM. Kwa hivyo watu wazima wawili wawe na kadi halisi za benki, kutoka akaunti mbili tofauti, katika mifuko miwili tofauti. Moja ikiibiwa ndani ya metro ya Paris, ambako wezi wa mifukoni wanajulikana, familia bado inakula jioni.

Pili, washeni huduma ya kutumia laini nje ya nchi kabla ya kuondoka, kisha zimeni data. Benki ikituma namba ya uthibitisho na laini yako imelala, malipo yatakataliwa hata kama pesa zipo.

Tatu, mashine ya ATM au ya dukani ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa yuro, chagua yuro. Shilingi zinavutia kwa sababu unazielewa, lakini hapo mwenye mashine ndiye anayepanga bei ya kubadilisha, na mara nyingi si bei nzuri kwako.

Nne, kila mtu awe na njia yake ya kulipia usafiri. Tramu na mabasi ya Amsterdam hayapokei pesa taslimu, na kadi moja haiwezi kugonga kwa ajili ya watu wawili kwenye safari moja. Mzee asiye na kadi au tiketi yake anabaki amesimama mlangoni huku wengine wakiingia.

Tano, mkikaa kwa shangazi Brussels, kumbukeni kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Muuguzi anayefanya zamu za usiku hawezi kulisha watu watano kwa siku 12. Tengeni pesa za soko tangu Kenya na mpeni siku ya kwanza, kabla hajafungua friji.

6. Pesa za nyanya ni za nyanya

Sehemu hii ndiyo inayosahaulika zaidi. Nyanya amechanga bonasi yake. Halafu wakifika Paris, mwanawe anashika pochi, na kila nyanya akitaka maji au choo lazima aseme, "Nisaidie kidogo." Vyoo vingi vya stesheni hulipiwa, na mzee wa miaka 71 hataki kutangaza shida hiyo mbele ya wajukuu kila saa. Ataacha kunywa maji. Na mzee asiyekunywa maji kutwa nzima anaweza kuugua katikati ya safari.

Kila asubuhi, mpeni nyanya kiasi mlichokubaliana, chenye sarafu za yuro 1 na senti 50, ziwe kwenye kipochi chake. Asiulizwe ametumia nini.

Simu yake pia ibaki mikononi mwake. Mjukuu anaweza kumwonyesha jinsi ya kuangalia salio, lakini PIN aiweke mwenyewe na asimwambie mtu. "Shosho, nipe PIN nikusaidie haraka" ni maneno ya upendo, lakini ndiyo maneno yale yale anayotumia tapeli. Akizoea kumpa mjukuu, siku moja atampa mgeni.

Mjukuu wa miaka 15 mpeni kazi nyingine: kila jioni aandike matumizi ya siku kwenye daftari na kuyasoma kwa sauti. Dakika tano zinatosha, na maswali yanaisha kabla hayajawa minong'ono.

7. Linda waliobaki nyumbani

Mkiweka picha za Mnara wa Eiffel mtandaoni, tapeli naye anajua hampo. Anaweza kumpigia ndugu yenu kule Maua au Runyenjes: "Mama yenu amelazwa Paris, tumeni elfu hamsini sasa hivi." Aliyeko nyumbani hana njia ya kuhakikisha, na hofu inatuma pesa kabla akili haijafika.

Kabla ya kuondoka, chagueni neno moja la familia, kwa mfano jina la ng'ombe aliyekufa zamani, au jina la kipande cha shamba kwa Kimeru au Kiembu. Anayeomba pesa kwa jina la familia alitaje neno hilo kwanza. Asipolitaja, simu ikatwe na apigiwe msafiri mwenyewe. Kukiwa na dharura ya kweli, nyumbani wanaweza kutuma kutoka M-Pesa hadi Western Union, na msafiri achukue kule alipo kwa kuonyesha pasipoti.

Jipime

Kaeni pamoja Jumapili hii, nyanya akiwepo, mjibu maswali haya:

1. Viza ikikataliwa, tumekubali kupoteza kiasi gani?
2. Nani wawili wanaoidhinisha pesa kutoka akaunti ya safari?
3. Simu moja na kadi moja zikiibiwa siku ya kwanza, tutakula nini jioni hiyo?
4. Bima ya nyanya inalipia ugonjwa alio nao?
5. Neno letu la familia ni lipi, na nani nyumbani analijua?

Kama swali la tatu limewashinda, bado pesa zenu ziko mkononi mwa mtu mmoja. Anzeni hapo kabla ya kununua tiketi.