Mamlaka ni ya Nani? Habari za Ufaransa, 1789 hata 1793

Wasomaji wetu, tukisikia ya kuwa watu fulani wamemwondoa mfalme wao, mara twadhani sababu ni njaa au ukali wa mfalme. Mambo hayo ni kuni kweli, lakini kuni hazijiwashi zenyewe. Katika somo hili twataka kutazama habari za Ufaransa, tuone jinsi wazo jipya juu ya serikali lilivyoingia kati ya watu waliompenda mfalme wao, na katika muda wa miaka minne likamfikisha mahali pa kuuawa.

Zamani zile mfalme wa Ufaransa alipotawazwa alipakwa mafuta katika kanisa kuu la mji wa Reims, kama Samweli alivyompaka Daudi. Ikafundishwa ya kuwa mamlaka yake yatoka kwa Mungu moja kwa moja, na wa kumwuliza habari za utawala wake ni Mungu tu. Mwaka 1766 Louis wa Kumi na Tano aliwaambia mahakimu wakuu wa Paris waziwazi kwamba mamlaka yote ya enzi yamo katika nafsi yake peke yake. Chini ya fundisho hili raia aliweza kuomba, kulia, hata kufanya fujo, kudai hakuweza. Mwaka 1775 bei ya mkate ilipopanda, watu waliyashambulia masoko na maghala katika nchi za kuzunguka Paris. Askari wakaja, watu wawili wakanyongwa, mambo yakatulia. Ufalme wenyewe haukuguswa.

Lakini vitabu vilikuwa vikipita mkono kwa mkono. Montesquieu alikuwa ameandika mwaka 1748 kwamba mwenye kutunga sheria, mwenye kuzitimiza na mwenye kuhukumu wasiwe mtu mmoja, kwa maana hapo uhuru hakuna. Mwaka 1762 Rousseau, mwana wa fundi wa saa wa Geneva, akaenda mbali zaidi: akasema mamlaka ya kutunga sheria ni ya watu wote pamoja, nao hawawezi kumpa mtu mwingine yawe mali yake. Katika hao wawili hakuna aliyeshauri mfalme wa Ufaransa auawe. Kisha Wamarekani wakamkataa mfalme wa Uingereza mwaka 1776, na Louis wa Kumi na Sita akawasaidia kwa askari, merikebu na fedha, ili awakomoe Waingereza. Twaona ajabu hapa: mfalme mwenyewe aligharimia vita vilivyoonyesha ya kuwa fundisho lile laweza kutendeka. Tena fedha zile zilikuwa za kukopa. Hata ilipofika mwaka 1788, nusu hivi ya matumizi ya serikali ilikwenda katika kulipa madeni.

Kwa kutafuta fedha, mfalme akaliita Baraza la Madaraja Matatu, ambalo halikukutana tangu mwaka 1614: daraja la mapadre, daraja la wakuu, na daraja la tatu, yaani watu wengine wote. Kabla ya mkutano watu wa vijijini na mijini waliambiwa waandike malalamiko yao. Wakaandika habari za kodi ya chumvi, na habari za njiwa wa mabwana waliokula mbegu shambani, na mkulima hana ruhusa ya kuwaua. Madaftari mengi katika hayo yapo hata leo. Humo mfalme atajwa kwa upendo, kama baba. Hawakutaka aondoke, walitaka ajue.

Neno lililowagombanisha lilikuwa dogo: kura zihesabiweje? Desturi ya kale ilikuwa kila daraja lina kura moja. Kwa hiyo mapadre na wakuu wakishikana, daraja la tatu lashindwa daima, ijapokuwa wajumbe wake walikuwa 600 hivi, karibu sawa na wa madaraja yale mawili pamoja. Mwezi wa Januari 1789 padre mmoja, Sieyès, alikuwa amechapisha kijitabu akionyesha kwamba daraja la tatu ndilo lifanyalo kazi karibu zote za nchi, nalo katika serikali halihesabiwi kitu. Basi hilo ndilo taifa zima. Hivyo wazo lililokuwa la wenye elimu likawa jibu la swali ambalo kila mjumbe alikuwa nalo mbele yake. Tarehe 13 Juni mapadre watatu wa vijiji walivuka wakaketi pamoja na daraja la tatu, na wengine wakawafuata. (Wasomaji waliosikia kwamba mapadre wote walisimama upande wa mfalme na walikumbuke hili.) Tarehe 17 Juni wajumbe wakajiita Baraza la Taifa. Sisi twaona ya kuwa mapinduzi yalitukia hapo, kabla ngome ya Bastille haijashambuliwa tarehe 14 Julai. Hawakuomba tena, walisema mamlaka ni yao.

Mfalme alibaki, lakini jina lake likageuka. Zamani aliitwa Mfalme wa Ufaransa, kama mwenye nchi. Sasa akaitwa Mfalme wa Wafaransa, na katiba iliyokuwa ikitungwa ikamhesabu kuwa mwenye kazi aliyopewa na taifa. Pengine angaliweza kuketi hivyo hata kufa kwake, kama wafalme wa Uingereza waketivyo. Lakini Louis hakulikubali wazo lile moyoni. Usiku wa tarehe 20 Juni 1791 alitoroka Paris pamoja na jamaa yake, akaacha waraka wa kuyakana aliyokuwa ameyakubali. Akatambuliwa njiani, akakamatwa mjini Varennes, akarudishwa. Mfalme wa zamani akisafiri usiku alikuwa mfalme bado. Mtumishi wa taifa akitoroka, aitweje?

Vita na Austria vikaanza Aprili 1792, na wengi wakamshuku kuwa yu pamoja na adui. Tarehe 10 Agosti jumba lake likavamiwa, na tarehe 21 Septemba wajumbe wapya wakaufuta ufalme. Alipoletwa hukumuni, shitaka kubwa lilikuwa kwamba alifanya njama juu ya uhuru wa taifa. Miaka thelathini nyuma shitaka hilo lisingaliweza hata kuandikwa, maana mfalme na taifa walihesabiwa kuwa kitu kimoja, na mtu hawezi kujiasi mwenyewe. Katika wajumbe waliopiga kura juu ya hatia yake, hakuna aliyesema hana hatia. Juu ya kumwua waligawanyika sana. Alikatwa kichwa mjini Paris tarehe 21 Januari 1793, na katika hukumu ile waliandika jina lake Louis Capet.