Moyo wa Mtoto Huumbika Kabla ya Kliniki ya Kwanza

Wajawazito wengi huanza kliniki mimba ikiwa na miezi mitatu, minne au zaidi. Wakati huo moyo wa mtoto umeshajengeka: kuta, valvu na vyumba vyake vinne huwa vimekamilika kufikia wiki ya 10 hivi, tukihesabu tangu hedhi ya mwisho kama wanavyohesabu wakunga. Ushauri wa kuulinda moyo huo unapaswa kumfikia mwanamke kabla hajashika mimba.

Kazi huanza wiki ya tatu baada ya mbegu kukutana na yai. Seli za moyo hujikusanya upande wa kichwa cha kiinitete na kufanya mirija miwili myembamba, kisha mirija hiyo huungana ikawa mmoja. Siku ya 22 au 23 hivi mrija huo huanza kudunda, ingawa bado haujagawanyika vyumba. Mama mwenyewe pengine ndiyo kwanza ameona hedhi imechelewa wiki moja.

Mrija hurefuka upesi, na kwa kuwa umeshikwa ncha zote mbili, hauna budi kupinda kama mpira wa kumwagilia bustani unaosukumwa kutoka huku na huku. Kwa kawaida hupinda kuelekea kulia. Vyumba vya kupokea damu, vilivyokuwa chini, husogea nyuma na juu ya vile vya kuisukuma.

Kisha huja kuta, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Ukuta wa katikati usipofika mwisho, hubaki tundu. Mshipa mmoja mnene unaotoka moyoni nao hugawanyika kwa kujisokota, uwe miwili: mmoja wa kwenda mapafuni, mwingine wa kwenda mwilini. Usipojisokota, mishipa hiyo hubadilishana mahali, na mwili wa mtoto hupelekewa damu isiyo na oksijeni ya kutosha.

Tundu moja, hata hivyo, lina kazi yake. Mtoto akiwa tumboni hupata oksijeni kupitia kondo la nyuma, kwa hiyo damu nyingi huyakwepa mapafu kwa kupita kwenye uwazi ulio kati ya vyumba viwili vya juu. Akizaliwa na kuvuta pumzi, uwazi huo hujifunga. Lakini kwa takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne haukuziba kabisa, na wengi wao hawadhuriki.

Karibu mtoto mmoja kati ya 100 huzaliwa na hitilafu ya moyo. Mara nyingi chanzo hakijulikani, na ni dhuluma kumtwisha mama lawama au kuzungumzia laana. Yapo, hata hivyo, mambo yanayozuilika. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, alieleza jinsi rubela inayompata mama mapema katika ujauzito inavyoharibu macho na moyo wa mtoto. Chanjo ya rubela ipo, lakini hutolewa kabla ya mimba, si wakati wa ujauzito; baada ya kuchanjwa, subiri mwezi mmoja. Mwenye kisukari ashushe sukari yake kwanza. Anayetumia dawa za kifafa amwone daktari zibadilishwe ikibidi, wala asiziache mwenyewe. Pombe iachwe tangu mtu anapopanga kupata mtoto.

Mtoto akishazaliwa, mtazame anaponyonya. Akichoka upesi, akitokwa jasho jingi kichwani, akihema haraka au asipoongezeka uzito, mpeleke hospitali. Rangi ya bluu kwenye ulimi na fizi ni dharura. Kwa ngozi nyeusi, tazama humo mdomoni kuliko usoni. Hitilafu nyingi hutibika, na upasuaji wa moyo wa watoto hufanyika hapa Tanzania pia, ikiwemo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye hitilafu ya moyo aliseme hilo mapema katika mimba inayofuata, ili kati ya wiki ya 18 na 22 apangiwe kipimo cha kuutazama moyo wa mtoto akiwa bado tumboni.