Mgeni wa Jukwaani Ananijibu kwa Mkato

*Shikamoo Shangazi,*

*Mimi ni kijana wa Unguja, naandika habari za muziki. Sijaajiriwa, nalipwa kwa kila habari inayotoka. Hivi karibuni nilipewa dakika kumi na mpiga gitaa maarufu kutoka Kongo aliyekuja kupiga hotelini, mtu ambaye baba yangu anazisikiliza nyimbo zake mpaka leo. Nilimwuliza anaionaje Zanzibar, alianzaje muziki na ana ujumbe gani kwa vijana. Akanijibu kwa mkato: watu ni wakarimu, alianza akiwa mdogo, vijana wafanye bidii. Kwisha.*

*Nilipotoka, meneja wake akaniambia nimpelekee habari aisome kabla haijachapwa. Mwandalizi wa onyesho akanipa bahasha, eti ya nauli. Mhariri naye amekasirika kwa nini sikumwuliza habari za wake zake. Februari tamasha la Sauti za Busara linarudi na wageni watakuwa wengi. Nifanyeje ili yasinikute tena?*

*Mwandishi Mchanga, Michenzani*

Marahaba mwanangu.

Mgeni wako hakukudharau. Maswali uliyomwuliza angeweza kuulizwa msanii yeyote, katika mji wowote, na mtu ambaye hajawahi kusikia hata wimbo wake mmoja. Mwanamuziki aliye ziarani huyakuta kila anaposhuka, na majibu yake ameshayakariri. Ukitaka akuambie asichowaambia wengine, mwonyeshe kwamba umemsikiliza.

Basi kazi yako inaanza nyumbani. Chukua albamu yake ya zamani na ya karibuni, uzisikilize mwanzo hadi mwisho, uandike kilichobadilika. Bendi nyingi za Kongo, mbali na gitaa la solo, la rithimu na la besi, zina gitaa la mi-solo linalopita katikati ya solo na rithimu. Ukisikia mi-solo katika albamu ya zamani, na bendi aliyokuja nayo haina mpigaji wake, swali umelipata: kazi ile sasa anaibeba nani? Mwulize pia wanapofika kwenye sebene, ile sehemu ya wimbo ya kuchezesha tunayoiita chemko, ni nani anayetoa ishara: yeye, mwimbaji au mpiga dramu? Hapo atakaa vizuri kitini. Kisha mwulize baba yako ni wimbo gani anaoupenda zaidi na kwa nini, umpelekee mgeni jawabu hilo.

Jambo la pili, usijione mdogo kwa kuwa ni mwandishi wa hapa. Unajua mambo ambayo mwandishi wa Paris hayajui. Mwanamuziki Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na bendi ya Orchestra Makassy, na Watanzania wakamfanya wao. Mwaka 1988 alisafiri na tamasha la muziki la WOMAD, kisha yeye na bendi yake ya Super Matimila wakarekodi katika studio za Real World, Uingereza. Kabla yake, mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco wa Katanga aliimba kwa Kiswahili, na mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952. Njia ya muziki kati ya Kongo na kwetu ni ya zamani, na watu wake bado wanakumbukwa. Mwulize mgeni: katika waliokuja huku, mlifahamiana na nani? Nyimbo zipi za Tanzania mlizisikia kule?

Akiwa ametoka Lubumbashi, Bukavu au Goma, zungumza naye Kiswahili moja kwa moja. Kama anasema Lingala na Kifaransa tu, tafuta mkalimani wako mwenyewe. Meneja akikutafsiria, atapunguza anachoona hakifai, nawe hutajua.

Chagua na wakati. Waimbaji wengi hulinda sauti kabla ya kupanda jukwaani, na wakati wa kupima vyombo hakuna mwenye nafasi. Omba muda baada ya vipimo, wanapopumzika, mkae mbali na spika. Mpe daftari lako aandike majina ya wanabendi kwa mkono wake, maana jina likikosewa gazetini hubaki limekosewa. Usiondoke kabla ya kuzungumza na mpiga besi au mpiga tumba. Hao hawaulizwi na mtu, na mara nyingi ndio wanaoijua historia ya bendi.

Sasa meneja. Mkatalie kwa adabu. Mwambie: “Kaka, habari hatumpi mtu aisome kabla ya kuchapwa. Ila maneno niliyomnukuu msanii nitamsomea yeye mwenyewe, hasa yaliyopita kwenye tafsiri, nihakikishe sikukosea.” Hiyo ni haki ya msanii. Kupanga habari iandikweje si haki ya meneja. Akidai maswali mapema, mtajie mada.

Bahasha irudishe. Najua unalipwa kwa habari, na najua nauli haiokotwi barabarani. Lakini aliyekupa ndiye anayeuza tiketi. Siku spika zikikoroma usiku kucha, na watu wamelipa kiingilio chao, utaandika nini? Msomaji anakununua kwa kuamini kwamba hujanunuliwa na mwengine. Maadili ya uandishi yanayosimamiwa na Baraza la Habari Tanzania yanakataza hongo, na kuiita nauli hakuibadilishi. Nauli mdai mhariri, na umdai bila haya, kwa sababu gazeti linalokutuma kazini lina wajibu wa kukufikisha.

Ama huyo mhariri, usibishane naye kwa maneno, maana yeye ndiye anayekulipa. Mpelekee habari iliyoshiba: bendi ilivyobadilika, Wakongo waliojenga muziki wa dansi hapa nchini, kauli za mpiga besi ambazo gazeti jengine halina. Ndoa za msanii mwulize pale tu yeye mwenyewe alipoziimba au kuzitangaza hadharani. Nje ya hapo ni udaku, na msanii akishakujua kwa udaku, hatakupa dakika kumi nyengine.

Nakusisitizia haya kwa sababu wanamuziki wetu wengi wameondoka duniani na hadithi zao, na tulichobaki nacho magazetini ni picha na sifa tupu. Wageni wanaopita kwetu nao wanazeeka. Mwanao akitaka kujua nani alipiga nini, na nani alimfundisha nani, atafungua alichoandika mwandishi kama wewe.

Tamasha la Sauti za Busara limekuwa likileta wageni Mji Mkongwe tangu mwaka 2004, kwa hiyo nafasi ya kujirekebisha unayo. Orodha ya wasanii ikitoka, chagua watatu tu, uwasikilize kwa kina kuliko kumkimbilia kila mtu. Bahasha irudishe kesho asubuhi.