Mume na Mke Wakiuziana Nyumba

Wengi hudhani ya kwamba nyumba ikitoka mkononi mwa mume na kuingia mkononi mwa mke, haijatoka katika jamaa, na kwa hiyo serikali haina la kudai. Jambo hilo ni kweli katika nchi moja, wala si kweli katika nyingine. Natutazame nchi mbili.

Katika Ujerumani, anunuaye nyumba hulipa kodi ya ununuzi. Tangu mwaka 2006 kila jimbo hujiwekea kiwango chake: Bayern hutoza asilimia 3.5, Nordrhein-Westfalen asilimia 6.5. Lakini mume na mke wakiuziana, sheria huwasamehe kabisa. Ndugu wa tumbo moja hawasamehewi.

Katika England shauri ni jingine. Kodi ya huko hutazama kilichotolewa, wala haiulizi mtoaji ni mke au jirani. Mume akimpa mkewe bure nusu ya nyumba isiyo na deni, hapana kodi. Lakini nyumba nyingi zimewekwa rehani benki. Tuseme deni ni pauni 300,000, na mke apokeapo nusu ya nyumba apokea na nusu ya deni. Hakutoa hata senti moja, lakini mbele ya sheria amenunua kwa pauni 150,000. Tangu Aprili 2025, pauni 125,000 za kwanza hazitozwi; 25,000 zilizobaki hutozwa asilimia 2, yaani pauni 500. Tena sharti ajieleze na kulipa katika siku 14.

Sasa lipo jambo la kutufikirisha. Mume na mke hao wakitalikiana, na nyumba ikahamishwa kwa amri ya mahakama, kodi hiyo husamehewa. Wakikaa pamoja na kusaidiana mzigo wa deni, hutozwa. Yaweza kusemwa kwamba sheria yazuia watu wasiuze kwa jina la zawadi. Hata hivyo, sisi twaona Ujerumani imeshika njia iliyo bora, kwa kuwa haiwafanyi wenye ndoa kuwa muuzaji na mteja.

Basi, aliye na nyumba huko asiulize kwanza bei. Aulize deni, kisha ndipo atie sahihi.