Lenzi za Zamani kwenye Kamera za Kisasa: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipa

Anayeanza kazi ya kupiga picha mara nyingi hutumia akiba yake yote kununua kamera, kisha akabaki bila fedha za lenzi ya pili. Hapo ndipo lenzi za enzi za filamu, zinazouzwa kwa bei nafuu kama mitumba, humvutia. Ununuzi huo unaweza kumfaa sana, mradi atambue mambo mawili: bei ya lenzi ni sehemu tu ya gharama, na kasoro kubwa za lenzi hizi hazionekani kwa kutazama juu juu.

1. Kwa nini lenzi ya zamani hufaa kwenye kamera mpya

Kila lenzi imeundwa ikae katika umbali maalumu kutoka mahali picha inapopokelewa, iwe ni filamu au kihisi cha kidijitali. Kamera nyingi za zamani zilikuwa na kioo cha kuakisi nyuma ya lenzi, hivyo lenzi zake ziliwekwa mbali ili kukipa nafasi. Kamera za kisasa zisizo na kioo hicho zina umbali mfupi zaidi, na tofauti hiyo ndiyo inayoacha nafasi ya adapta.

Chukua mfano wa Helios 44-2 ya milimita 58, iliyotengenezwa Umoja wa Kisovieti. Hufungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa, kwa mfumo uitwao M42, nayo huhitaji umbali wa milimita 45.46. Kamera ya Sony ya mfumo wa E ina umbali wa milimita 18 tu. Pengo la takriban milimita 27.5 huzibwa na adapta, ambayo ni pete ya chuma isiyo na lenzi ndani yake. Adapta ikiwa nene kupita kipimo, vitu vya mbali havitatokea vizuri hata pete ya lenzi ikizungushwa hadi mwisho.

2. Kinachokosekana

Lenzi hizi haziwasiliani na kamera. Mpiga picha hulenga kwa mkono na hubadili tundu la mwanga kwa pete iliyo juu ya lenzi. Kamera nyingi hukataa kupiga mpaka uruhusu, kwenye menyu, upigaji wa picha bila lenzi. Ili kulenga kwa usahihi, tumia uwezo wa kamera wa kukuza sehemu ya picha kwenye skrini.

Kwa picha za sura, bidhaa na mandhari, utaratibu huu unatosha. Kwa maharusi wanaoingia ukumbini au mchezaji anayekimbia, sekunde chache za kulenga zinaweza kukukosesha tukio lisilorudiwa. Usitegemee lenzi hii peke yake katika kazi ambayo mteja amekwisha kuilipia.

3. Ukaguzi wa dakika tano

(a) Fungua tundu la mwanga lote, kisha mulika taa ya simu kupitia upande wa nyuma. Nyuzi mithili ya utando wa buibui ni dalili ya kuvu, ambayo hustawi penye unyevunyevu kama ilivyo katika miji ya pwani. Kuvu ikishakula kioo, usafishaji haurudishi ubora wake.
(b) Tofautisha vumbi na ukungu. Chembe chache za vumbi ndani ya lenzi kwa kawaida hazina athari. Ukungu ulioenea hufifisha picha yote.
(c) Zungusha pete zote mbili. Zisikwame wala kulegea.
(d) Tazama mabapa ya tundu la mwanga. Yakiwa na mafuta, huenda yakakwama.
(e) Piga picha ya kitu cha mbali, kisha ikuze na kuikagua kabla ya kulipa.

Baadhi ya lenzi za zamani, yakiwemo matoleo ya Super-Takumar ya milimita 50 f/1.4, zina kioo chenye thoriamu, madini yenye mnururisho hafifu, na kioo hicho huweza kugeuka manjano. Usikisage wala kukikwangua.

4. Gharama kamili na haki zako

Tuseme lenzi inauzwa shilingi 80,000, adapta 40,000 na usafishaji 60,000. Gharama halisi ni shilingi 180,000, zaidi ya maradufu ya bei uliyotajiwa. Linganisha jumla hiyo na bei ya lenzi mpya ya kawaida.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara. Muuzaji akisema kwamba lenzi haina kuvu, mwombe aandike maneno hayo kwenye risiti pamoja na jina la lenzi na namba yake. Risiti hiyo itakuwa ushahidi wako iwapo utahitaji kulalamika. Ukishanunua, hifadhi lenzi penye ukavu, ndani ya chombo kinachofungika vizuri chenye vifuko vya kufyonza unyevu.

Jipime

1. Je, adapta inalingana na mfumo wa lenzi na pia mfumo wa kamera yako?
2. Je, kazi unayokusudia inaruhusu muda wa kulenga kwa mkono?
3. Je, umejumlisha gharama zote, na unayo risiti inayoeleza hali ya lenzi?

Ikiwa jibu la swali lolote ni hapana, ahirisha malipo.